Huyo Mwalimu Kapoteza Nini

Jumatatu, 2 Septemba

Nachingwea. Saa kumi jioni. Kipindi cha Mwalimu Temba kimechukua saa mbili nzima. Nimeandika mistari kumi na moja. Minne haina mwisho. Mmoja unasema "because of the". Because of the nini? Nimekaa na daftari tangu tutoke darasani na bado halijaniambia.

Mwalimu Temba haandiki ubaoni. Hagawi karatasi. Anaingia, anavua saa yake, anaiweka mezani, kisha Kiingereza kinamwagika kama mtama kwenye ungo. Wa kudaka adake. Mtu akimwomba aandike japo kichwa cha somo, jibu ni lile lile: wodini hakuna ubao.

Nikisikiliza siandiki. Nikiandika sisikii. Sekondari mwalimu alisema Kiingereza kidogo, akatuangalia sura, akasema "yaani", na Kiswahili kikafuata. Miaka minne nilikuwa naisubiri hiyo "yaani". Sikujua kama naisubiri mpaka nilipofika hapa. Hapa yaani haiji.

Naogopa. Naliandika kwa sababu kwa mdomo sitalisema. Muhula uliopita nilifeli somo lake, kwa hiyo nina sap tarehe ishirini. Sap ni mtihani wa marudio, nafasi ya pili na haina ya tatu. Ukianguka umedisko, umefukuzwa chuo, unafunga godoro lako kwa kamba, unapanda gari kurudi kwenu. Kwetu ni Nanganga. Kule wananiita nesi tangu siku ile walipoona begi langu la chuo cha uuguzi. Watu wazima wananifunulia vidonda njiani.

Jumanne, 3 Septemba

Tangazo limebandikwa. Sap ya Mwalimu Temba haitakuwa ya kawaida. Atafundisha nusu saa jambo ambalo hatujalisoma. Tutaandika. Halafu atatoa maswali na tutajibu kwa kutazama daftari zetu wenyewe. Daftari nazo zitakusanywa.

Tuko saba wenye sap. Wenzangu sita wamefurahi, eti mtihani wa ruhusa ya kutazamia. Mimi nimelisoma tangazo mara tatu hapo hapo mbele ya ubao. Nitazamie nini? Because of the?

Jumatano, 4 Septemba

Paskalina, tunayelala naye chumba kimoja, amenicheka mpaka akakaa chini. Kaona ninavyoandika. Kila neno zima, herufi kwa herufi, na mstari wa rula chini ya kichwa cha habari. Kasema, "Somoe, wewe unaandika barua ya posa. Mwalimu keshaoa, kazaa, wewe bado uko kwenye salamu."

Yeye anafupisha. Nimejaribu leo. Mgonjwa ni pt. Damu ni bl. Yale maneno marefu yote yanayoanza na hyp, nimeandika hyp. Basi.

Kwa mara ya kwanza nimefika mwisho wa kipindi pamoja na Mwalimu. Kurasa tatu! Nilitoka darasani natembea kama mwenye chuo. Jioni nimekula ugali wote na nikaongeza.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimezisoma zile kurasa tatu. Ni habari za kisukari. Nanakili kama zilivyo, kwa Kiswahili:

Hyp, pt anatoka jasho. Hyp, pt ana kiu, anakojoa sana. Hyp, mpe sukari upesi. Hyp, usimpe sukari.

Nimefunga daftari. Nimejiambia huu ni ugonjwa wenye mambo mengi.

Paskalina hurekodi vipindi kwenye simu. Amenirushia sauti ya kile cha Jumatano. Sijaifungua. Kumsikia Mwalimu Temba mara moja kunanitosha.

Jumatatu, 9 Septemba

Ruangwa. Tumeletwa kwa mazoezi ya wodi, siku tano, katika kituo cha afya. Wodi ya wanaume iko chini ya Sista Mwajuma. Mfupi, hacheki, viatu vyake havitoi sauti. Unageuka unamkuta yuko nyuma yako.

Kila siku saa nane mchana zamu zinapokezana. Sista anapita kitanda kwa kitanda akitoa ripoti kwa mdomo, kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaandika pembeni ili baadaye aihamishie kwenye kitabu cha ripoti. Leo kaandika mwenzangu. Jumatano ni mimi.

Wodini kweli hakuna ubao. Nilitazama kuta zote.

Jumanne, 10 Septemba

Sijalala vizuri. Nimeota Kiingereza. Hakikuwa na watu, sauti tu.

Jumatano, 11 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Kitanda namba nne yupo mzee mmoja wa kisukari, mkulima. Alfajiri aliletwa hajitambui, jasho linamtiririka. Walimtundikia dripu ya sukari, akafumbua macho. Saa nane Sista Mwajuma akatoa ripoti. Alipofika namba nne alisema maneno yake upesi na mimi nikaandika kwenye kikaratasi: pt 4, hyp. Niliridhika kabisa. Nilikuwa sijaachwa.

Kitabu cha ripoti hakitaki vifupisho. Nikakaa kukinakili kikaratasi changu humo vizuri. Nikafika kwenye hyp. Hyp gani? Sista alikuwa keshaenda kubadili nguo. Niliona aibu kumfuata kuuliza neno moja. Nikachagua ninalolijua, lile lililomo kwenye jina la presha, hypertension, ambalo kila mtu analijua. Nikaandika hyperglycaemia. Mwandiko mzuri. Nikapiga mstari kwa rula.

Muuguzi wa zamu ya jioni akasoma kitabu. Hyper maana yake sukari iko juu. Sukari ikiwa juu dawa yake ni ya kuishusha. Akaivuta insulini kwenye bomba la sindano. Nililiona lile bomba. Nilishika mimi trei.

Mke wa mzee akasema, "Nesi, mbona anatetemeka tena? Na jasho limerudi." Yule muuguzi akasita. Akaweka bomba chini, akachukua kipimo, akamtoboa mzee kidole. Akakitazama kipimo muda mrefu. Sukari ilikuwa chini. Chini kabisa. Ile sindano ingeingia, hata hiyo kidogo iliyobaki ingekwisha.

Aliitwa Sista Mwajuma. Mzee akapewa dripu nyingine. Kitabu kikafunguliwa. Sista akasoma, akakata neno langu kwa kalamu nyekundu, akaandika la kwake juu: hypoglycaemia. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Somoe, ni herufi mbili tu. Herufi mbili ungemzika nazo."

Basi.

Alhamisi, 12 Septemba

Mzee ameamka na kuomba uji. Mkewe alinishika mikono yote miwili akasema asante nesi, Mungu akuzidishie. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikuwa naogopa kudisko. Leo naogopa kutokudisko. Nikipita ile sap watanipa wodi, na wodini nitakuwa na mwandiko mzuri na masikio haya haya.

Ijumaa, 13 Septemba

Mazoezi yamekwisha. Sista Mwajuma amejaza fomu yangu na kuifunga kwenye bahasha. Badala ya kurudi Nachingwea na wenzangu nimepanda gari la Nanganga. Nimewaambia naenda kumwona mama mpaka Jumapili. Ukweli naenda kuangalia kama chumba changu bado kipo.

Kwenye gari mama mmoja amenitambua. Akanionyesha goti lake. Nikamwambia aende kituo cha afya. Akasema, "Si ndio nimekutana nacho?" Gari zima likacheka. Nami nikacheka.

Jumamosi, 14 Septemba

Asubuhi mama anakaanga vitumbua vya kuuza, mimi nimekaa kwenye kigoda na simu. Nimejikaza, nimefungua ile sauti ya kipindi. Nilitaka nisikie kosa langu lilianzia wapi. Mwalimu Temba akaanza kumwagika mle jikoni.

Lugha ya mama ni Kimwera. Kiswahili alikiokota sokoni, na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Ana tabia moja: akisikia lugha asiyoijua huvizia neno analolijua. Redioni, msikitini, popote. Akilipata hufurahi kama kaokota kitu. Leo aligeuza kitumbua, akatega sikio, akageuza kingine. Halafu akaniuliza:

"Huyo mwalimu kapoteza nini?"

Nikamwambia hajapoteza kitu, anafundisha.

"Mbona kila saa haipo, haipo? Simu yake?"

Nilitaka kumcheka. Nikarudisha sauti nyuma. Mwalimu akasema haipo. Nikarudisha tena. Haipo. Haipo-glaisimia. Akaeleza jasho, kutetemeka, mpe sukari upesi. Mbele kidogo akasema lile jingine, na safari hii nililisikia mwenyewe: haipa. Haipa-glaisimia. Kiu, kukojoa, usimpe sukari.

Haipo. Sukari haipo.

Haipa. Sukari imepaa.

Vitumbua viwili viliungua maana nilimkumbatia mama na upawa mkononi. Akanifukuza jikoni kwa Kimwera. Nimekaa nje nikalia, na wala sikuwa na furaha. Nilikuwa namwona yule mzee. Neno lilikuwemo kinywani mwangu tangu nikiwa mtoto. Nalisema kila siku. Chumvi haipo, ndoo haipo. Nililikosa kwa sababu niliambiwa ni Kiingereza, basi nikafunga masikio ya nyumbani.

Jumapili, 15 Septemba

Nimeisikiliza sauti mara nne kabla ya kuondoka. Kuna jambo la pili. Mwalimu Temba anapotaka kusema kitu kikubwa husema "now", ananyamaza kidogo, kisha anasema polepole na kurudia. Yale mengine yote katikati ni mifano, na hadithi za alikosoma. Siku zote nimekuwa nikiandika hadithi zake. Kikifika kikubwa nimechoka.

Kumbe yaani ipo. Yake inaitwa now.

Nimerudi Nachingwea jioni. Siku tano zimebaki. Hofu imekaa pale pale, sema sasa ina kazi ya kufanya.

Jumanne, 17 Septemba

Naandika kwa namna mpya. Ukurasa una mstari wa kusimama katikati. Kushoto yanakwenda maneno ya Mwalimu. Kulia nayaandika kwa lugha ninayoielewa, hata kama ni ya jikoni. Haipo naiandika haipo. Haipa naiandika imepaa. Ikija now nanyanyua kalamu, nasikiliza mpaka mwisho, ndipo naandika.

Paskalina kachungulia. Safari hii hakucheka. Kasema, "Mwenzangu, daftari zinakusanywa. Akikuta Kiswahili humo?" Chuo ni cha Kiingereza. Hata salamu ofisini ni Kiingereza.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Sasa nina hofu mbili.

Alhamisi, 19 Septemba

Kesho. Sili. Nimechonga penseli tatu na sijawahi kutumia penseli chuoni.

Nimejaribu kuandika bila Kiswahili, kwa tahadhari. Nimeweka sauti, nimefunga ile safu ya kulia. Baada ya dakika kumi nilikuwa na "because of the". Nimeshangaa kuliona tena, nikaliogopa kama nyoka.

Nitaandika na Kiswahili. Nikidisko nidisko nikiwa nimeelewa.

Ijumaa, 20 Septemba

Imekwisha.

Aliingia, akavua saa, akaiweka mezani. Somo lilikuwa watoto wachanga na joto la mwili. Dakika za mwanzo sikuandika kitu. Wenzangu sita walikuwa wanakwaruza kalamu, mimi nimekaa. Mwalimu alinitazama. Nilijua anafikiri nimekata tamaa.

Kisha akasema now. Akanyamaza. Haipo-thamia, akasema.

Nikaandika kulia: joto haipo. Mtoto baridi, hanyonyi, analegea. Mfunike, mweke kifuani kwa mama yake. Joto halipo, najua, mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari anisamehe. Baadaye akasema haipa. Nikaandika: imepaa, mpunguze nguo. Katikati akasimulia habari za baridi ya kwao alikozaliwa, wote wakaandika. Mimi nilipumzisha mkono.

Neno moja nililikosa kabisa. Nilipomaliza kuliandika nusu niligundua silijui. Zamani ningelibuni tu. Leo niliweka alama ya kuuliza kubwa, na swali lake nikaliruka. Alama nitazipoteza hapo. Namba nne imenifundisha kuacha nafasi wazi.

Daftari zimekusanywa. Langu lilikuwa juu ya fungu, limefunguka lenyewe pale pale kwenye Kiswahili. Nilitaka kulifunga. Mwalimu akaweka saa yake juu ya ukurasa.

Jumatatu, 23 Septemba

Hakuna kitu.

Jumanne, 24 Septemba

Hakuna. Kila mlango unaofunguka nadhani ni mimi naitwa. Paskalina kaniambia nile. Nimekula mabibo mawili ya mwanzo wa msimu aliyoletewa na mtu wa kwao, yamenikausha ulimi.

Alhamisi, 26 Septemba

Matokeo ya sap yamebandikwa mchana. Majina sita. Langu halipo. Mahali pake pameandikwa kwa kalamu: aonane na mwalimu wa somo, kesho saa tatu.

Halipo. Hilo nimelisikia vizuri.

Nimetoa kamba ya godoro chini ya kitanda nikaiweka juu ya begi. Sijafunga. Nimeiweka tu.

Ijumaa, 27 Septemba

Ofisini palikuwa na kiti lakini sikukaa. Daftari langu lilikuwa mezani, wazi. Pembeni yake bahasha ya Sista Mwajuma, imefunguliwa. Kwa hiyo alijua na ya mzee.

Akaweka kidole kwenye safu ya kulia. Akauliza kwa Kiingereza, hii ni nini. Nilitafuta Kiingereza nikakikosa chote. Nikajibu kwa Kiswahili, sauti kama ya mtu aliyeibiwa. Nikamweleza haipo, na imepaa. Nikamweleza kitanda namba nne, sikuficha kitu, hata rula. Nikamweleza mama na vitumbua, na kwamba mama alidhani amepoteza simu.

Hakucheka. Alirudia polepole, kama anaonja. "Haipo." Akasogeza kidole chini. "Imepaa." Akageukia dirishani.

Halafu akauliza ile alama ya kuuliza. Nikasema sikulisikia neno, na sikutaka kulibuni. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Akasema, kwa Kiswahili, mara ya kwanza nimsikie, "Hilo ndilo nililoliandalia mtihani. Wenzako watano wamelibuni. Umepita. Nilikuita kwa sababu ya hii safu."

Akafungua droo, akatoa kijitabu, akaomba kalamu yangu. Akaandika mistari miwili: haipo, imepaa. Mwalimu Temba, ambaye haandiki.

Nimerudisha kamba chini ya kitanda. Nimelala mpaka saa kumi na moja.

Jumapili, 29 Septemba

Nimefua. Paskalina kaenda kanisani na viatu vyangu. Upepo mdogo, nguo zimekauka upesi.

Wiki ijayo narudi Ruangwa kwa Sista Mwajuma, wodi ile ile, na mimi ndiye wa kuandika ripoti. Ameomba mwenyewe niwe mimi. Bado naogopa. Nimeamua saa nane mchana nitamwambia Sista rudia, mbele ya kila mtu, hata mara tatu.

Mama amepiga simu. Biashara nzuri, goti la yule mama wa kwenye gari limepona lenyewe, kuku mmoja kapotea. Sikumwambia habari za sap maana sikuwa nimemwambia kwamba ipo. Alipokaribia kukata akakumbuka jambo.

"Na yule mwalimu wako, kile kitu chake kimeonekana?"

Nikamwambia kimeonekana, mama.

"Kilikuwa wapi?"

Nikamwambia kilikuwa nyumbani.